Lebo Isiyovishwa Plastiki

Mama Stika alikuwa amepiga magoti sakafuni, rula mkono mmoja na wembe mkono wa pili, akikata lebo za asali za mteja mmoja mwenye midomo mirefu, mumewe alipoingia na kusimama katikati ya chumba. Hakuvua viatu. Kwa mwanamume aliyezoea kumgombeza kila mtu kwa vumbi linaloingia kwenye printa, hilo peke yake lilitosha kumfanya mkewe ainue uso.

"Wamemchukua dada yangu," alisema.

"Kina nani? Wamempeleka wapi?"

"Polisi. Mtoto wa dobi kanywa ile dawa ya madoa anayouza dada. Yuko hospitali, koo limeungua lote. Bibi yake ndiye aliyemmiminia kwenye kikombe, alidhani ni maji ya limau."

Wembe ulibaki hewani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa ndicho sebule, ndicho cha kulala binti yao, na ndicho kiwanda. Kompyuta kuukuu ilikaa juu ya meza ya kulia, printa juu ya kigoda, na karatasi za stika zililala chini ya godoro la mtoto zisipate unyevu. Humo ndimo Mama Stika alimochora na kuchapa lebo za nusu ya mtaa: asali, sabuni, mafuta ya nywele, mishumaa. Watu walikwisha kulisahau jina lake halisi na yeye hakujisumbua kuwakumbusha. Lebo za dawa ya wifi yake alizichora kwa moyo wote, akaweka na picha ya limau, maana wifi alisema wateja wanapenda harufu.

"Haiwezekani," alisema. "Niliandika mimi. HATARI, SUMU, USINYWE. Kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina lenyewe. Na fuvu nikaweka. Mtu mzima ataachaje kuona?"

"Ndivyo dada anavyowaambia. Wao wanasema hakuna maandishi hayo."

"Chupa haina lebo?"

"Lebo ipo. Maandishi ndiyo hayapo."

Mama Stika aliuweka wembe chini. Alikuwa amekumbuka spreyi ya nywele.

Lebo ya chupa haitoki kwenye printa ikaenda moja kwa moja kwa mteja. Wino wa printa za nyumbani ni rangi na maji. Ukiugusa kwa kidole chenye jasho unakuachia alama. Kwa hiyo lebo huvishwa kwanza plastiki nyembamba ya kunata, ile inayouzwa kwa roli, ndipo ikatwe. Wifi alilipia plastiki. Lakini siku hiyo hiyo gesi iliisha sufuria ikiwa jikoni, na hela ya plastiki ikageuka gesi. Mama Stika akafanya wanachofanya wenzake wa kazi hii wakibanwa. Alizipulizia lebo spreyi ya kushikilia mtindo wa nywele, akaziacha zikauke, akazidondoshea maji. Maji yaliteleza kama kwenye sahani. Akajisifu kabisa kwamba ameokoa hela na lebo imependeza.

"Vaa, twende kituoni," mumewe alisema.

Alivaa. Njiani alikuwa akijiambia kwamba huenda chupa yenyewe si ya wifi, maana siku hizi watu wanaiga kila kitu. Alijua anajidanganya, lakini mtu maji yakimfika shingoni hushika chochote.

*

Mumewe aliitwa Brashi. Enzi zake duka halikufunguliwa mtaani mpaka yeye apande ngazi na kopo la rangi ya mafuta. Sasa mikono ilikuwa ikimtetemeka na watu walitaka vitu vya kompyuta, basi kazi yake ikawa kupeleka lebo za mkewe kwa wateja na kupigwa kalenda kwenye malipo, njoo kesho, njoo keshokutwa. Hakulalamika. Ila kila akipita chini ya bango lake la zamani alilitazama kidogo, lingali linang'aa, kisha akaendelea na safari yake.

Kituoni waliketi kwenye benchi la mbao hadi makalio yakafa ganzi. Askari wa zamu, kijana wa umri wa kuwa mtoto wao, alikuwa akimenya chungwa bila haraka. Alipomaliza kulila, akafuta vidole kwenye gazeti, ndipo akawatazama.

"Nyinyi ndio ndugu wa mama wa sumu?"

"Shikamoo, afande," Brashi alisema.

Mama Stika alitazama chini. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akimwamkia mtu mdogo kwake. Askari aliipokea shikamoo ile bila aibu, akaagiza mshukiwa aletwe.

Wifi aliletwa peku. Walikuwa wamemvua viatu na kitambaa cha kichwa, na nywele zake, ambazo hakuna mtu wa nje aliyekuwa amewahi kuziona hazijasukwa, zilikuwa zimesimama upande mmoja. Mwanamke huyu alikuwa na sauti ya kusikika mtaa wa pili, mcheshi, mwenye kumtania kaka yake mbele za watu mpaka akimbie. Leo alijishika vidole vyake tu.

"Kaka," alisema. "Mtoto yukoje?"

"Bado yuko wodini. Hajafumbua macho."

"Mungu wangu. Wifi, waambie basi. Mimi nimewaeleza mpaka nimechoka. Waambie kwamba maandishi uliweka."

Askari alifungua kabati, akatoa mfuko mweupe, na ndani yake chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya lita moja, kama zote ambazo wifi aliziokota, akaziosha na kuzijaza dawa. Lebo yake ilikuwa nyeupe. Limau lilikuwepo, mistari yake tu, rangi ya manjano imeyeyuka. Neno SAFI lilikuwepo, jeusi ti. Chini yake: *yenye limau*. Chini kabisa: *lita moja*. Fuvu na maneno mekundu havikuonekana, na pale palipoandikwa *dawa ya madoa* kwa buluu pamebaki weupe mtupu. Mtu yeyote mwenye mafua, asiyesikia harufu, mgeni katika nyumba ya mwanawe, angesoma vile vile alivyosoma yule bibi.

"Hii ndiyo lebo yenye maandishi mekundu?" askari aliuliza.

"Nyingine ziko nyumbani kwangu," wifi alidakia. "Kazitazameni! Zote zina maandishi."

"Tumezitazama. Ndugu zako wana printa, mama. Mtu anabandika mpya hata kabla ya chai." Akamgeukia Mama Stika. "Wewe ndiye mchapaji?"

"Ndiyo, afande."

"Haya. Hii umechapa wewe? Fikiri vizuri. Kama ni yako, na hayo maandishi yalikuwepo yakatoka, basi kesi hii ina watu wawili, na nafasi huko ndani ipo. Kama si yako, basi huyu ametafuta lebo ya rahisi akaibandika mwenyewe."

Mama Stika alilitazama lile limau. Lilikuwa na jani moja lililopinda, alilolichora usingizi ukimshika na asubuhi akaliacha kwa kuwa lilimchekesha. Hakuna limau jingine duniani lenye jani lile. Alimfikiria binti yake akirudi shule na kukuta mlango umefungwa. Akaifikiria printa ikibebwa kama ushahidi.

"Malimau yanafanana, afande. Siwezi kusema kwamba ni yangu."

"Wifi," yule mwanamke aliita. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwamsha mwenzake usingizini.

"Labda... sijui. Mimi niliandika kwenye zile nilizokupa."

"Basi," askari alisema, akairudisha chupa kabatini. Alipokuwa akifunga alikumbuka jambo, uso ukamchangamka. "Ala, kumbe unachora lebo. Mke wangu anauza juisi. Mchoree lebo, zile nzuri zenye matone ya maji. Utaniletea."

"Nitaleta, afande."

"Na uziweke vizuri zisitoke," akaongeza, akacheka peke yake.

Wifi alirudishwa ndani. Alikwenda bila kugeuka, nyayo zake zikilia kwenye sakafu yenye unyevu. Brashi na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma, kama watu wasiojuana waliokutana tu njia moja.

*

Nyuma ya nyumba palikuwa na kijisehemu cha kufulia: karai, jiwe la kusugulia, kamba. Na kwenye pembe ya ukuta ilikaa chupa ambayo wifi aliwazawadia siku ya kwanza alipobandika lebo. "Ya kwanza ya kiwanda changu, na ni yenu," alisema siku hiyo, wakacheka. Mama Stika alikuwa akiitumia kila akifua sare za mtoto, na hakuwahi kuitazama. Nani huitazama chupa ya dawa akifua?

Safari hii aliinama akaishika. Upande wa nyuma lebo ilikuwa nzima. Upande wa mbele, pale dawa ilipokuwa ikichuruzika kila akimimina, wekundu ulikuwa umekwisha. HATARI ilikuwa imebaki HA. Fuvu lilikuwa na jicho moja.

Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akakipitisha juu ya zile herufi mbili. Spreyi ililainika kwanza, ikawa utelezi kama mlenda. Kisha wekundu ukawa waridi, waridi ukawa maji, maji yakadondoka kwenye karai. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kumwita mtu. Neno SAFI halikutikisika, kwa kuwa weusi wa printa ile ni wino wa aina nyingine, mzito, wenye masizi ndani yake. Alikuwa amejaribu lebo zake kwa maji. Hakuwahi hata kuwaza kuzijaribu kwa dawa yenyewe, dawa ambayo kazi yake yote duniani ni kula rangi. Na maneno ya kuokoa watu ndiyo aliyoyapa rangi.

Alikaa juu ya jiwe la kufulia, na machozi yakamtoka ya hasira kuliko ya huzuni. Aliichukia gesi, akaichukia chupa, akajichukia mwenyewe. Alipoinua kichwa, Brashi alikuwa mlangoni.

"Siku ile nyumba ilinukia saluni," alisema.

"Ulijua?"

"Nilinusa. Nikasema moyoni, huyu hana hela ya plastiki. Kisha nikala chakula kilichopikwa kwa ile gesi." Alijikuna kidevu. "Rangi yangu ya mafuta huwezi kuitoa hata kwa msasa. Ningekwambia neno moja tu."

"Sasa unataka niende nikajifunge mwenyewe? Mtoto atalelewa na nani? Na wewe, utakula nini? Hizo brashi zako?"

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Brashi aliitazama mikono yake kama vitu vya kuazima.

"Sikwambii uende, sikwambii usiende," alisema mwishoni. "Ila dada yangu analala sakafuni, na ananiuliza mtoto wa watu yukoje."

Akaingia ndani. Hawakuzungumza tena habari hiyo, na hakuna nyumba yenye kelele kama ile ambayo watu wake wamenyamaza kwa makusudi. Mama Stika alipika, akapakua, akaosha vyombo. Alimalizia lebo za asali. Akaanza na za juisi ya mke wa askari, akichora matone ya maji moja moja. Brashi alikuwa akimpelekea dada yake chakula kituoni na kurudi na vyombo ambavyo havijaguswa vizuri. Binti yao alipouliza shangazi yuko wapi, wote wawili walisema, "Amesafiri," kwa pamoja, kama waliokuwa wamefanya mazoezi.

*

Mtoto wa dobi alifariki alfajiri. Habari ilipita nyumba hadi nyumba kabla ya jua kukolea, na kabla Mama Stika hajajua asimame au aketi, mtu alibisha.

"Hodi."

Alikuwa dobi mwenyewe. Mtu mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola imesimama, kwa kuwa mazoea hayajui msiba. Mikono yake ilikuwa imepasuka na kucha zimekuwa nyeupe kwa miaka ya dawa. Alitoa picha mfukoni, akaishika kwa ncha za vidole.

"Nimeambiwa kwa Mama Stika ndiko karibu, na ni rahisi," alisema. "Samahani kwa kukujia asubuhi. Nataka picha ndogo za kubandika kifuani. Za watu watakaomsindikiza mtoto. Tunazika leo alasiri."

"Pole, baba," Mama Stika alisema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine. "Pole sana. Karibu uketi."

Dobi aliketi kwenye kiti karibu na kompyuta. Brashi alitoka chumba cha pili, akampa mkono wa pole, kisha akaegemea ukuta. Mama Stika aliiweka picha kwenye skana ya printa, akafunika, na uso wa mtoto ukajitokeza kwenye kioo cha kompyuta mstari kwa mstari: mvulana mwenye pengo, amekunja uso kwa jua, amevaa fulana nyekundu iliyomzidi.

"Chini niandike nini?"

"Andika tu, *Mtoto wetu*. Mama yake hataki jina, anasema akiliona atadondoka. Bibi yake ndiye ana neno moja tu. Tangu siku ile hajala. Anasema, 'Mimi nilisoma, niliisoma ile chupa, mbona nilisoma.'" Alijifuta pua kwa kiganja. "Mimi siwezi kumlaumu. Chupa nimeishika mimi kila siku na mikono yangu hii yenye maji, sikuona kitu. Nilizoea."

Mama Stika aliandika herufi zile polepole. Alizipanga katikati, akazipunguza, akazikuza. Hakuna kazi iliyobaki ya kufanya kwenye kile kioo, naye aliendelea kuifanya.

"Nina swali," dobi alisema. "Jua litakuwa kali. Na watu watalia, wanawake watakumbatiana. Hizi haziwezi kufutika? Nisingependa wamfute mwanangu kifuani kwa machozi."

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Roli mpya ya plastiki, aliyoinunua kwa ajili ya kazi ya mke wa askari, ilikuwa pale pale karibu na mguu wake. Angesema, "Usijali baba, tunavisha plastiki," na dobi angeshukuru, akaenda kuzika, na mwanamke peku angeendelea kuketi mahali alipoketi. Mama Stika alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Akaukuta umekauka.

"Zisipovishwa plastiki zinafutika," alisema. "Zinafutika kama ile ya chupa."

"Chupa gani?"

"Ile chupa, baba. Lebo nilichapa mimi. Maandishi ya hatari nilichapa, mekundu, na fuvu. Wifi yangu alinilipa nivishe plastiki, sikuvisha. Nilipulizia spreyi ya nywele. Dawa imeyala maandishi. Polisi waliniuliza, nikasema lebo si yangu. Ni yangu. Lile jani lililopinda ni langu."

Brashi alijiondoa ukutani. Dobi hakusogea. Alibaki amemtazama Mama Stika kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi, na alipoona hakuna zaidi, macho yalishuka kwenye mikono yake mwenyewe, kwenye zile kucha nyeupe.

"Nyekundu ndiyo hutoka kwanza," alisema. "Kila dobi anajua. Nguo nyekundu siipitishi hata karibu na lile beseni. Nyekundu, kisha buluu. Nyeusi ya masizi haitoki." Aliinua macho. "Ungeniuliza. Mimi niko hapo tu, mama. Ungekuja ukaniuliza."

Mama Stika alinyoosha mkono kuizima kompyuta, akijua hakuna binadamu atakayetaka kazi ya mkono wake baada ya maneno yale.

"Usizime," dobi alisema. Sauti ilipanda kwa mara ya kwanza, ikapasuka. "Unazima nini? Alasiri tunazika. Mimi sasa hivi niende wapi? Chapa."

"Baba..."

"Chapa, nimesema! Ukimaliza utakwenda kumtoa huyo mama. Utawaambia kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno, na mimi nitakuwepo nisikie. Lakini kwanza nichapie mwanangu."

Brashi alikwishaingia chumba cha pili. Alirudi na viatu vya mkewe, akaviweka karibu na mguu wa meza, vimeelekea mlangoni. Kisha akapiga goti sakafuni, akaichukua ile rula.

Printa ikaanza kwa mlio wake wa kukereketa. Karatasi ilitoka polepole: kwanza anga, kisha kichwa, kisha lile pengo, halafu fulana, nyekundu iliyoiva, bado mbichi. Mama Stika aliivuta roli. Machozi yalikuwa yakimtoka, akarudisha kichwa nyuma yasidondokee kazi.

Dobi alisimama, akaja akainama juu ya bega lake.

"Hiyo nyekundu," alisema, "ifunike vizuri."